Kofia ya Mikidadi

Miza binti Dadi alikuwa mshona kofia, na watu wa mtaani kwake Bagamoyo walijua kwamba ukimtaka asubuhi usihangaike kubisha hodi kwake, uende dukani kwa Banyani. Utamkuta amechutama mbele ya sanduku la nyuzi, anavuta ncha, anailowesha kwa mate, anainyanyua juani aione rangi yake. Watu husema nyeupe ni nyeupe. Kwa Miza kulikuwa na nyeupe ya maziwa, nyeupe ya mchele, nyeupe ya mfupa, na ile iliyoingia ubuluu kwa mbali, ambayo aliichukia kama mtu anavyomchukia mke mwenziwe.

Kuununua uzi kulimkolea kuliko hata kuushona. Mumewe Bwanausi, seremala wa milango, alikuwa akiwaambia wageni kwamba panya wa nyumba yake huzaliwa katika nyuzi za Banyani, ndiyo maana wana kiburi. Miza husikia, na kesho yake anarudi na shada jingine la uzi chini ya kanga.

Tena alikuwa na desturi moja. Bafta, ile nguo nyeupe ya pamba, ikiingia nyumbani kwake haikulala nzima. Siku hiyohiyo aliikata vipande vya kofia, miduara ya utosini na kanda za pembeni, akavipanga kapuni vingoje sindano. Bwanausi alimsihi aache walau pande moja, kwa kuwa nyumba haikosi shida ya nguo. Miza akamjibu kwamba bafta nzima ni ya dukani, ikikatwa ndipo inapokuwa ya mtu.

Watoto aliwazaa wengi, akabakiwa na mmoja, Mikidadi. Huyu alikuwa kijana mpole, fundi kama babake, na alikuwa amemposa Sada wa Zinga. Harusi ikawekwa mfungo mosi, mara baada ya Ramadhani. Na kwao ilikuwa hivi: bwana harusi huingia kwa mkewe akiwa na kofia aliyoshonewa na mamake, na akishaingia ndiyo ameingia, hukaa hukohuko kwa wakwe. Kwa hiyo kofia ile ndiyo buriani ya mama.

Miza akaishona kwa nyeupe ya maziwa. Alitoboa vitundu vidogo kama macho ya dagaa, akavizungushia uzi kimoja kimoja, na waliopita barazani walisimama kutazama. Ikabaki sehemu ndogo ya pembeni, upana wa vidole vitatu, na hapo uzi ukakatika. Alipoliendea sanduku la Banyani, nyeupe ya maziwa ilikuwa imekwisha.

Banyani akaagiza Unguja. Uzi ukaja, Miza akaunyanyua juani, akauona ubuluu wake. Akaununua vilevile, maana hakuweza kutoka dukani mikono mitupu, ila aliutupa chini kabisa ya kapu. Harusi ikasogezwa mfungo pili. Uzi mwingine ukaja, huo ulikuwa wa mfupa. Harusi ikasogezwa tena.

Mikidadi alimwambia mamake kwamba yeye haoni tofauti, na Sada hataiona. Miza akasema kofia ya nyuzi mbili ikifuliwa mara moja kila uzi unakwenda njia yake, na watu watasema huyu mamake hakumpenda.

Mwisho akaja Kibibi mwenyewe, mamake Sada, kwa miguu kutoka Zinga. Walisalimiana vizuri, wakaulizana hali za nyumbani, tambuu ikatafunwa. Kisha Kibibi akaiomba kofia, akaigeuzageuza.

"Mkwe mwenzangu, ngojangoja yaumiza matumbo."

"Na harakaharaka haina baraka," Miza akasema.

"Haraka? Mwanangu kashajifukiza udi mpaka nyumba inanuka msikiti." Kibibi akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaweka kidole penye pengo. "Niambie kweli, bibi. Kinachokukatikia ni uzi, au ni mwana?"

Miza aliichukua kofia, akaikunja, akairudisha kapuni. Kibibi akaenda zake.

Mfungo tatu Wadachi, hao Wajerumani, wakatweka bendera yao, na mji ukabadilika. Watu walizungumza kwa sauti ya chini, vijana wakaanza kutembea na bunduki. Banyani akafunga duka akavuka Unguja. Bwanausi alisema mtoto aende Zinga sasa, aoe asioe, kofia itamfuata. Miza akaomba aachwe kidogo, huenda uzi ukapatikana kwa mwingine.

Mfungo nne manowari za Wadachi zikaupiga mji mizinga.

Nyumba ya tatu kutoka kwao iliporomoka yote. Watu wakatoka mbio bila kufunga milango, na Miza naye akatoka, lakini akiwa na kapu lake la bafta na nyuzi, zito kama mtoto wa miaka miwili. Bwanausi akamwambia alitupe. Hakulitupa. Mikidadi ndiye aliyelichukua, akajitwika, akawafuata nyuma kwa sababu ya uzito. Walipofika mwisho wa mji kombora likaanguka njiani. Miza aligeuka akaliona kapu limelala ubavu, mashada yamemwagika mchangani, na mwanawe kando yake ameshika tumbo.

Mikidadi aliingia Zinga akichukuliwa juu ya kitanda. Wakamlaza kwa Kibibi, katika chumba kilichotayarishwa tangu mfungo mosi, juu ya mkeka mpya. Alimwomba Sada maji. Kabla ya alasiri akafa.

Waliokimbia mji walikuwa wamejaa Zinga, na maiti wengine walikuwapo pia. Bafta yote iliyokuwapo ilikwisha kwa sanda za waliotangulia. Kilichobaki ni kaniki nyeusi na kanga za rangi. Mwalimu Mahfoudh, aliyesimamia maziko, alisema ikibidi kaniki itafaa, Mungu anaona hali ya waja wake.

Miza akainuka akalivuta kapu, lililokusanywa njiani likaletwa pamoja na Mikidadi. Akatoa vipande, akaviweka vyenye damu upande, akavitandaza vile safi uani: miduara na kanda, miduara na kanda. Hakuomba ruhusa ya mtu. Akaanza kuviunga. Uzi ukakosa tundu la sindano mara mbili, Sada akaichukua sindano akamtilia, kisha akakaa naye akashika upande wa pili. Kibibi akaja, na wanawake wengine. Walitumia kila uzi uliokuwamo, wa mchele, wa mfupa, wowote ila ule wa ubuluu. Wakaunga mpaka nguo ikawa nguo, yenye mishono kila mahali kama wavu.

Wanaume wakaja wakaichukua. Baada ya kitambo Mwalimu Mahfoudh akatoka nayo tena.

"Imepungua kichwani, mama. Kidogo tu."

Kapu lilikuwa tupu, isipokuwa kofia na shada moja. Miza akaitoa. Akaitazama ile sehemu iliyobaki wazi, akaipitisha ncha ya wembe katika mshono unaoshika ukanda na utosi, akaufumua taratibu, kofia ikafunguka ikawa vipande viwili.

"Ina mapambo, Mwalimu," akasema.

Mwalimu akaitazama. Ilikuwa nyeupe juu ya nyeupe.

"Tia," akasema.

Shada lililosalia chini ya kapu ni lile la ubuluu. Sada akamtilia uzi ule sindanoni. Miza akaviunga vipande vile penye kichwa cha sanda, na alipomaliza akainyanyua nguo juani kama alivyozoea. Ubuluu ulionekana wazi, mstari mzima.

Hakuufumua. Akampa Mwalimu, naye akaingia nayo ndani.