Dawa ya Kuku ya Bibi

Harufu ya bangi mbichi si harufu ya moshi wake. Moshi anaujua kila aliyewahi kungoja basi pale Laela. Mbichi inanuka kama majani ya nyanya uliyoyafikicha mkononi, na ukali kidogo wa beberu. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu vichupa vya mafuta. "Bibi, huko Ulaya bangi siku hizi ni dawa, wanauza dukani." Nikamwambia azime simu yake. Pua yangu ilikuwa imeshafika kijijini kwetu Mwimbi, nyuma ya banda la kuku la bibi mzaa mama, aliyenilea.

Msinielewe vibaya. Siisifu bangi. Nimenunua mahindi Laela tangu sina hata mvi, na nimeona wapakiaji wazuri wakiharibika vichwa kwa ajili yake. Lakini kwa bibi haikuwa bangi. Nyumbani tulisema Kifipa, na kwa Kifipa chetu ile ilikuwa dawa ya kuku, basi. Mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku, ukiingia kijijini, bibi alitwanga majani, akayatia kwenye maji ya kuku. Kama yaliponya kweli, mimi sijui. Najua kuku wa jirani walikufa na wetu wakabaki. Ilikuwa miche minne. Kuimwagilia ilikuwa kazi yangu, na nilijivunia kazi hiyo kuliko hata ubatizo wangu.

Bangi lilikuwa neno la shuleni, la Kiswahili. Mwalimu akiuliza, "Bangi?" darasa zima tuliitikia, "Mbaya!" Mimi nilidhani ni kitu cha mjini, kama lami.

Nikiwa darasa la tatu, mwalimu alituagiza majani ya miti ya dawa ya kwetu. Wenzangu walileta mwarobaini. Mimi nikatoa jani lenye vidole saba.

"Hili umelitoa wapi?"

"Kwa bibi, mwalimu. Dawa ya kuku. Nikupeleke?"

Nikatangulia mbele naimba, tukipita kwenye matuta yaliyofukiwa nyasi, mimi na mwalimu mzima nyuma yangu! Bibi akamkaribisha togwa. Akanywa, akazunguka nyuma ya banda, akarudi. Wakati wa kuaga alinishika kichwa: "Una akili wewe." Hakuna mwalimu mwingine aliyewahi kuniambia hivyo.

Kesho yake wakaja askari na mgambo. Bibi alikuwa anapepeta ulezi.

"Mama, bangi hii ya nani?"

"Bangi?" Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. "Hapa hakuna bangi. Hiyo dawa ya kuku."

"Na kuku wako wanavutia kiko?" mgambo akauliza. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Askari akainama, akagusa udongo. "Umelowa. Nani anamwagilia?"

Bibi akanitazama kidogo tu. "Mimi. Nimepanda mimi, namwagilia mimi. Huyu mtoto hata huko nyuma hafiki."

Mwongo! Nikafungua mdomo nimsahihishe. Mama mdogo akanifinya ubavuni mpaka maneno yakarudi tumboni.

Walimpeleka Sumbawanga, akafungwa. Mdondo ukaja, kuku wakaisha wote, na sare yangu ilikuwa inatoka kwa kuku hao. Shule yangu ikaishia hapo. Mengine nimejifunza kwenye mizani, na sijashindwa na msomi yeyote.

Lakini mimi sikulilia shule. Nilinuna kwa sababu bibi alininyang'anya kazi yangu mbele ya watu waliovaa magwanda. Aliporudi, amekonda, anakohoa, sikumpa shikamoo. Mama mdogo akainua fimbo. Bibi akamzuia, akanisalimia yeye kwanza, kwa utani wetu: "Mke mwenzangu, hujambo?" Nikageukia ukuta. Siku zote zilizobaki nikawa namkwepa hivyo hivyo. Mavuno ya ulezi ya mwaka ule hayakumkuta hai.

Nilielewa nikiwa na mtoto wangu mwenyewe mgongoni. Nilielewa kwa nini alidanganya. Kisha nikakumbuka togwa, nikaelewa kibaya zaidi: alijua tangu mwanzo nani alimleta yule mwalimu, na hakuniuliza hata siku moja.

Nikienda Mwimbi, mimi mwenye maghala yangu, napiga magoti pale alipolala, nasema shikamoo. Nasema tena. Kaburi halina marahaba.