Kibao Chini ya Picha ya Bibi

Jumanne nilimfokea mtu kazini kwake, na siombi radhi. Bibi aliyenilelea binti yangu kule Mkolani alifariki wiki mbili kabla. Presha ilimwangusha akianua nguo, na siku ya mazishi hapakuwa na picha ya kubeba mbele ya jeneza. Ulitangulia msalaba peke yake. Nilipotulia ndipo nikakumbuka kwamba picha yake ipo, ya kuchorwa, kubwa kama mlango, kwenye ukumbi mmoja wa Nyamagana ambako wageni hunywa kahawa. Nikaenda kuiona, mtoto mgongoni. Chini yake kuna kibao: "Mwanamke asiyejulikana." Dada wa mapokezi akanieleza kwa upole, kama anavyowaeleza wageni wote, kwamba ile njano mapajani mwa mwanamke ni jua linalozama ziwani. Uvumilivu wangu ukaishia hapo. Nikamwambia, "Hilo si jua. Hilo ni sweta la huyu mtoto wangu."

Wasomaji, mwanangu yumo kwenye ile picha. Mtaani kwetu sisi tunaotoka alfajiri kwenda kazini tulimwachia Bibi watoto, naye akawatandikia mkeka barazani, wangu akiwa na miezi mitatu tu. Kwenye nyumba hiyohiyo alipanga chumba mwalimu mmoja wa kuchora, na Jumamosi moja akamwomba Bibi akae kwenye kigoda amchore. Bibi akasema atakaa, ila mtoto hamshushi, meno yanamsumbua. Wakachorwa wote wawili. Kazi ilipokwisha tukajazana kutazama: uso ni mipako mitatu ya kahawia, pua mstari, mikono imeyeyukia kwenye kanga. Bibi akainamisha kichwa. "Mwalimu, mbona umenisahau macho?" Mwalimu akamwambia yapo, asogee mbali atayaona. Bibi akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka akagonga kamba ya nguo. "Bado siyaoni, baba. Au nivuke barabara?" Tulicheka sana siku ile. Lakini tazama bega la kushoto kwenye picha, lilivyolala. Mama yeyote aliyewahi kumwachia mtoto analijua bega lile, maana watoto wetu wote walilalia hapo. Baadaye mwalimu akauuzia ukumbi ule picha, akahama.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Yule dada wa mapokezi hakunijibu kwa ukali. Alichukua kalamu, akaniuliza, "Sawa mama, aliitwa nani?" Nikatoa simu nitafute jina. Kwenye simu yangu ameandikwa "Bibi Mkolani." Jina lake kamili nililisikia mara moja tu, kanisani, mpwa wake kutoka Bukoba aliposoma wasifu wa marehemu, na akina mama tukatazamana kama tunasomewa habari za mgeni. Jirani yangu akaninong'oneza, "Kumbe alikuwa na jina zuri hivi." Miaka mitatu nampa mtoto kila asubuhi, shikamoo Bibi, marahaba mwanangu, halafu huyo nakimbilia kazini. Niliondoka pale ukumbini kichwa chini, nikapitia makaburini, nikalinakili jina kutoka kwenye msalaba.

Nilirudi nyumbani na hasira zaidi, si pungufu, na nusu yake ni yangu mwenyewe. Kwa sababu mtu anayeitwa kwenye kila mlango tangu jua halijachomoza, anayejua mtoto yupi ana pumu na yupi hali samaki, huyo anajulikana kuliko diwani. Tuliobaki gizani ni sisi. Tunamchukua mtu kazi yake, bega lake, mpaka sura yake tunaitundika ukutani, halafu jina linatushinda kuuliza, na lawama tunambandikia yeye kwenye kibao. Hapana. Mimi hilo nimelikataa.

Alhamisi nikapeleka barua kwa uongozi wa ukumbi, nakala mbili. Wakaniambia niiache mezani. Nikasema sitoki mpaka nakala yangu igongwe mhuri wa kupokelewa, nikakaa, mtoto akalia, mhuri ukapatikana. Kwenye safu hii sitaji mtu, mnanijua, lakini kwenye barua majina matatu ya Bibi nimeyaandika kwa herufi kubwa. Mengine ni haya:

"YAH: MALALAMIKO DHIDI YA NENO 'ASIYEJULIKANA'. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwanamke aliye kwenye picha yenu ni mlezi wa watoto wa Mkolani, na aliyempakata ni binti yangu. Nataka kibao kibadilishwe na jina lake liandikwe kama nilivyoliandika hapa. Kama mtahitaji muda wa vikao, basi kuanzia leo kibao kisomeke: 'Mwanamke ambaye hatukumuuliza jina.' Na mimi mlalamikaji nimo katika hao."