Anwani Iliyochapwa kwenye Kikwembe

Hospitali yetu ya Kamina ilipofikia yubile, mkurugenzi aliamua tuingie katika dunia ya kisasa kwa njia tunayoiweza: kuchapisha kikwembe, kitenge cha sherehe. Wafanyakazi tulinunua, kwaya ikanunua, hata wagonjwa wenye uwezo. Katikati kulikuwa na msalaba, na chini yake anwani ya mtandao ambako mtu angesoma majibu ya maabara kwenye simu yake. Ilikuwa inaishia na .test.

Jina hilo aliliweka fundi kutoka Lubumbashi alipokuwa anajaribu mashine zetu, na hakukosea. Majina yenye mwisho huo yametengwa kwa majaribio tu. Ndani ya hospitali seva yetu inalijua, kwa hiyo linafunguka. Nje ya geti, programu za mtandao zikiuona mwisho huo hazijisumbui hata kutafuta. Zinajibu papo hapo kwamba hakuna kitu kama hicho. Mimi ndiye ninayetunza mashine hizo, nikamweleza mkurugenzi yote. Nikaongeza kwamba jina hilo haliuzwi popote, kwa yeyote.

"Kama hakuna muntu wa kuliuzisha, basi hakuna mwenye atatunyanganya," alisema. Akalifungua kwenye kompyuta ya ofisi yake. "Unaona? Iko inafunguka. Weye unapenda ma complication."

Hoja nzito kama hiyo haijibiwi. Niliondoka na kikwembe changu.

Kisha akaja mama mmoja wa Luena na binti yake aliyekuwa anakohoa. Watu wa maabara walichukua makohozi ya binti, wakamwambia mama apande treni arudi nyumbani, hakuna haja ya kusumbuka, majibu atayasoma huko huko. Akanunua kikwembe. Kila jioni alikitandaza kitandani, akaandika herufi moja moja, na kila jioni simu ikamwambia haipatikani. Akaelewa kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa: majibu bado hayajatoka. Akangoja.

Aliporudi Kamina alikuwa amembeba binti yake mgongoni, msichana mkubwa wa sekondari. Nilimfungulia majibu kwenye mashine yangu. Kifua kikuu. Yalikuwa yametoka siku chache tu baada ya wao kuondoka.

"Ma résultat ilikuwa humu siku yote?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na minyi niliandika mubaya?"

"Hapana. Uliandika muzuri kabisa."

Nilikuwa na hasira, na sikuwa na pa kuipeleka.

Mkurugenzi alipopata habari alishuka mwenyewe hadi wodini, maana ni mtu wa huruma. Alisimama kando ya kitanda, akafikiri sana.

"Pole, mama," alisema. "Mwaka wenye kuja tutatia ma lettres ya kubwa ku kikwembe, basomaji baone muzuri."

Mama alikuwa ameinua kichwa cha binti yake ili ameze dawa ya kwanza. Bila kugeuka, akamwambia aksanti.