Papasi wa Kaka Ndahani

Kwa zaidi ya miaka arobaini nimesema kwamba kile kibuyu sikukigusa. Nilimwambia hivyo bibi yangu, nikamwambia mama, nikamwambia hata mchungaji aliyenibatiza, ambaye wala hakuwa ameniuliza. Leo naandika kwamba nilikigusa. Nilikifungua, nikakimimina juu ya makaa, nikakijaza udongo wa kando ya meko, kisha nikakiziba kwa kizibo chake kilekile cha mti. Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi, na nilikuwa na elimu ya wiki tatu.

Kilichonifungua mdomo ni harufu. Mwezi uliopita walikuja vijana wa afya kupuliza dawa ya wadudu katika nyumba za walimu hapa Dodoma. Mmoja akapata kundi la papasi katika ufa wa ukuta wa jikoni kwangu, akawafagilia kwenye jiko la mkaa. Walipasuka kama mtama kwenye chungu, kisha ikaja ile harufu ya ngozi na damu iliyoungua. Nilitoka nje nikashika nguzo ya baraza. Kijana akaniuliza kama dawa imenilevya. Nikamwambia ndiyo, ni dawa. Mnaona jinsi ninavyodanganya kwa wepesi, hata uzeeni.

Kwa wasiomjua papasi, niseme kidogo. Ni kupe wa nyumbani, wa rangi ya vumbi, ana ngozi iliyokunjamana kama mfuko mtupu. Mchana hujificha katika vumbi la sakafu na nyufa za kuta. Watu wakilala hutoka, hunyonya kwa muda wa kupikia ugali, hujaa akawa kama punje ya kunde, kisha hurudi kwenye vumbi lake. Ana subira ya kutisha. Anaweza kukaa miaka bila kula, akimngoja mtu. Vitabu huwaita wadudu wa namna hiyo vimelea, na yule anayeliwa huitwa mwenyeji. Nilipokwenda ng'ambo kusoma mwaka mmoja wa chuo kikuu, nikiwa mtu mzima mwenye kipara kati ya vijana, nilikutana na neno hilo nikacheka peke yangu maktabani. Sikuwahi kufikiri kwamba sisi tuliokuwa tukijikuna ndio tuliokuwa tumewakaribisha.

Bibi yangu alijua hivyo siku zote. Tulikaa Ipagala, katika tembe refu lenye paa bapa la udongo, ng'ombe upande mmoja na sisi upande mwingine, enzi ya Mdachi, wakati reli ilikuwa imekwisha kufika Dodoma na inasonga kuelekea magharibi. Watoto wa nyumba ile tuliugua homa ya papasi tukiwa wadogo. Waliokufa walikufa, na waliobaki hawakuugua tena. Bibi alisema papasi wa nyumba wametuonja na wametuzoea. Ila alikuwa na sharti moja. "Damu husahau upesi kuliko mtu," alikuwa akisema. "Usipoikumbusha, hukusaliti."

Kwa hiyo mtu wa kwetu akisafiri, au binti akiolewa mbali, bibi alipiga magoti kando ya meko, akachekecha vumbi kwa vidole, akamtolea papasi kumi au kumi na watano. Aliwatia katika kibuyu kidogo pamoja na vumbi lao. Msafiri alitakiwa kuwalisha kila baada ya siku kadhaa: anawaweka juu ya paja, anawaacha washibe, anawarudisha. Akirudi nyumbani, damu yake haijasahau, analala mahali pake pa zamani. Asiyewalisha alihesabiwa mgeni. Mgeni hakulala ndani kwa bibi. Alitandikiwa ngozi juu ya paa, mbali na kuta, mpaka bibi mwenyewe aridhike. Watu walikuja kutoka hata Chamwino kumwomba papasi wa safari, na yeye aliwatoa kwa maringo kidogo, kama mwenye mbegu nzuri.

Sasa, mwaka ule nilipelekwa shule ya misheni. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba wa pwani, ambaye kabla ya kufundisha alimbebea daktari wa Kidachi sanduku lake. Wiki ya tatu daktari mwenyewe akapita na mashine yake ya kukuzia vitu. Tulipanga foleni. Nilipoweka jicho niliona duara la mwanga, na ndani yake vitu vyembamba kama nywele zilizosokotwa, vinacheza. Mwalimu akatafsiri: hii ni damu ya mgonjwa, hao ndio ugonjwa, na anayewaingiza ni papasi. Kisha akatafsiri amri: "Ukimwona papasi, mchome moto."

Nilirudi nyumbani nimejaa. Niliangalia sakafu yetu kama askari anavyoangalia kichaka.

Siku ya pili yake kaka yangu Ndahani alikuwa aondoke. Alikuwa amepata kibarua cha kutandika reli, mbele huko upande wa Saranda. Ndahani ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi, ndiye aliyenibeba mabegani wakati wa ngoma ili nione. Nilikuta kibuyu chake kimewekwa tayari kando ya mzigo, bibi yuko nje anamwagia ndama maji. Nikawaza zile nywele zinazocheza. Nikawaza zinacheza ndani ya kaka yangu, na hakuna anayejua isipokuwa mimi, mwanafunzi. Nilifanya haraka. Walipopasuka nilitishika, maana sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, na harufu ikajaa chumba. Nikapepea kwa mikono kama mpumbavu.

Bibi aliingia, akanusa. "Nini kimeungua?"

"Mtama, bibi. Umedondoka."

Akaniangalia kitambo, akaokota kibuyu, akakitikisa kidogo karibu na sikio. Udongo wangu ukachakacha ndani kama vumbi lake. Kisha akamkabidhi Ndahani mlangoni. "Walishe hawa, mjukuu wangu. Hata ukisahau kutukumbuka sisi, walishe."

"Nitawalisha kabla sijala mimi," Ndahani akasema, akanikonyeza.

Alikaa huko mwaka na zaidi. Msimu mmoja wa mvua ulimkuta huko, tukavuna bila yeye. Salamu zilikuja kwa midomo ya wapitao: mzima, amenenepa, ana rafiki Mrangi wa Kolo aitwaye Salimu, wanalala katika kibanda kipya cha nyasi. Kila salamu ilinifurahisha, maana niliamini mimi ndiye niliyemnenepesha.

Alirudi mchana mmoja, mwishoni mwa kiangazi, nchi imekauka mpaka ng'ombe wanalamba kuta. Alikuwa na blanketi jekundu, kikombe cha bati kwa ajili ya mama, na kibuyu kile kikining'inia kiunoni. "Mbukwa," alipaaza salamu ya kwetu kutoka mbali, nasi tukakimbia. Bibi hakukimbia. Alimngoja mlangoni, akamshika mikono yote miwili, na swali lake la kwanza, kabla hata ya habari ya safari, lilikuwa lile nililoliogopa.

"Umewalisha?"

Ndahani aliniangalia. Si kwa muda mrefu. Kisha akacheka.

"Nimewalisha, bibi. Kila Ijumaa. Salimu akienda kusali, mimi nawaandalia karamu."

Watu wote wakacheka. Mimi nilihisi mwili umekuwa mwepesi. Nikawaza: kumbe hakugundua kitu. Halafu nikawaza jambo bora zaidi: kumbe aliona kibuyu hakina kitu, akajiokotea wengine njiani, mambo yakaenda sawa. Jambo hilo la pili nililishika kwa mikono miwili kwa miaka arobaini.

Jioni ile, jua halijazama bado, Ndahani alibeba blanketi lake akasema joto ni jingi, atalala juu ya paa. Bibi akamcheka. "Reli imekufanya Mzungu? Mahali pako pa kulala ni pale pale." Ndahani akasema ni siku mbili tatu tu, apate upepo. Alikwisha kupanda nusu ya ngazi wakati upepo ulipogeuka. Nakumbuka vumbi lilivyosimama, kisha harufu ile ambayo mtu wa Ugogo huijua kabla ya kujua jina lake, harufu ya udongo uliopata tone la kwanza. Mvua ikashuka kwa kishindo. Mama akapiga vigelegele. Bibi akatoka akasimama chini ya maji, mikono juu, akilia kwa furaha, akisema mjukuu wake amekuja na mvua, hakuna baraka kupita hiyo.

Ndahani alisimama mlangoni na blanketi lake mkononi, anatazama juu. Kila mtu alitazama juu siku ile, lakini yeye hakuwa na uso wa furaha. Nilimvuta shati. "Kaka, ingia, utalowa." Akanipapasa kichwa. Akaingia. Mvua ile haikukatika siku nne.

Homa ilikuja wiki iliyofuata. Ilimshika siku tano, ikamwacha, akakaa uani anakula mlenda na kumtania mama kwamba upishi wa Salimu ni bora kuliko wake. Siku ya saba ikarudi. Ikamwacha tena, ikarudi tena, kila mara ikimkuta amebaki kidogo. Nilijua tabia hiyo. Mwalimu alikuwa ametueleza. Nilimtazama kaka yangu nikaziona zile nywele. Homa ilipomshika mara ya nne, hakuamka tena. Ilikuwa asubuhi, ng'ombe wanakamuliwa.

Bibi hakuelewa. "Aliwalisha," alirudia kuwaambia waombolezaji. "Alisema mwenyewe, mmesikia, aliwalisha." Hakuna tena aliyekuja kutoka Chamwino kuomba papasi. Akaniuliza mara moja tu, tukiwa peke yetu: "Mtoto wewe, kile kibuyu hukukigusa?" Nikasema sikukigusa. Akaitikia kwa kichwa, kwa sababu aliniamini. Baada ya mavuno aliagiza paa lile libomolewe, tukahama. Alikufa akiamini nyumba yake ilimkataa mjukuu wake.

Nimekuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa walimu. Nimesoma kwamba bibi hakukosea: mwili unaoumwa mara kwa mara hujilinda, na ukiachwa muda mrefu ulinzi hufifia. Mwalimu wangu mwembamba naye hakukosea. Papasi ndiye aliyetuua na papasi ndiye aliyetukinga, na kati ya mambo hayo mawili palihitajika mtu anayejua nyumba nzima ilivyokuwa ikiishi. Mimi nilikuwa nimejua nusu, na nikaitumia yote.

Bado nilikuwa na kinga yangu: labda alijiokotea wengine. Baada ya ile harufu ya jikoni, kinga hiyo haikunitosha tena. Nikaulizia habari za Salimu kwa Warangi wa sokoni. Nikaambiwa yu hai, mzee, amehamia Morogoro, mpwa wake ana duka lenye simu. Nikaandika barua yenye swali moja: je, kule kambini Ndahani alikuwa na papasi?

Jumatatu iliyopita karani akaniita ofisini. Simu ilikuwa inakwaruza kama chungu kinachosuguliwa mchanga.

"Shikamoo, Bwana Salimu."

"Marahaba! Wewe ndiye yule mdogo wake Ndahani? Yule msomi aliyechoma papasi?"

Nilitafuta kiti, sikukiona.

"Alikuambia?"

"Nani angeniambia mwingine? Kambi ya pili tu alifungua kibuyu, akachokora weee, akatoa udongo na vipande vya mkaa. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, kwetu aliyekwenda shule ni mmoja tu. Nikamwambia, basi okota wengine kwenye matembe haya, wamejaa tele. Akasema hao si wa kwao, hawamjui. Tena kile kibanda cha nyasi alikipenda, alikuwa analala kama sultani."

"Kwa hiyo hakuwalisha kamwe."

"Awalishe nini, mkaa?" Akakohoa, akacheka, akakohoa tena. "Siku ya kuondoka nilimwambia, Ndahani, mwambie bibi yako kweli, akulaze huko juu kwenye paa. Akakataa. Akasema, nikisema hivyo yule mtoto hatakaa kwa amani katika nyumba ile mpaka anaoa. Akasema atajua mwenyewe, atasingizia joto, atalala juu bila mtu kujua kitu."

Simu ikakwaruza. Karani alijifanya anapanga karatasi.

"Nami habari za msiba zilipofika nilimkasirikia sana," Salimu akasema, sauti imeshuka. "Mpaka leo. Maana aliniahidi. Hebu niambie wewe uliyekuwapo, kwa nini hakulala juu ya paa?"

"Mvua ilinyesha, Bwana Salimu," nikamwambia. "Siku ileile."