Bafu la Marehemu

Miaka thelathini mama huyu alikuwa dobi, na aliapa kwamba pua yake haijawahi kumdanganya. Kwa hiyo nyumba ilipoanza kunuka, alimjia juu mkamwana wake: "Huoshi sinki, wewe!" Sinki likamwagiwa magadi, siki, maji ya moto, na uvundo ukazidi. Mkamwana akachoshwa na matusi, akafunga virago, akarudi kwao.

Fundi bomba alipokuja, sinki hata hakuligusa. Alinusanusa, akasimama mbele ya bafu lililopigwa kufuli.

"Humu mmemwaga maji lini, mama?"

"Tangu mzee afariki, mwaka sasa. Ni bafu lake. Haingii mtu."

"Basi ni hapa. Bomba lina kona inayobaki na maji, ndiyo yanayozuia uvundo. Yakikauka, unapanda wote ndani."

Kufuli likafunguliwa, fundi akamwaga ndoo moja. Kabla chai haijapoa, harufu ilikuwa imekatika.

Dobi alikaa chini pale pale sakafuni.

"Ndoo moja? Ndoo moja tu! Na mke wa mwanangu je?"

Fundi akafunga mkoba wake. "Mimi ni wa mabomba, mama. Huko kwao utakwenda mwenyewe."