Zamu ya Maji kwa Jina la Baba

Treni ya kutoka Kigoma ilikwama Tabora kutwa nzima, ikakwama tena porini baada ya Dodoma. Nilipoiona milima ya Uluguru nilikuwa nimemaliza karanga zangu zote na kusinzia mabegani mwa watu nisiowajua. Nilishapita miaka arobaini. Nilishachimba dhahabu Chunya, nikapakia tumbaku Urambo, nikauza mitumba Mbeya, na kila nilipokuwa nilipakumbuka nilipotoka. Morogoro nilijiapiza nitakaa. Dada yangu aliyeolewa mjini pale alikuwa amenipa habari za chumba wanamofundisha kuandika programu za kompyuta, wanapokea hata wa kidato cha nne.

Mwalimu alikuwa binti aliyemaliza chuo Mzumbe. Siku ya kwanza alinisimamisha mlangoni.

"Shikamoo, mwanafunzi."

Darasa likacheka. Nikaitikia marahaba.

Lugha aliyotufundisha inaitwa Python. Nilitegemea mabano na alama za kutisha. Nikakuta maneno machache ya Kiingereza cha shule. Mstari uliosogezwa ndani unautii ule ulio juu yake, basi. Ukurasa ulisimama kama matuta ya ngazi kule mlimani: unaona kwa macho maji yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Majina ya vitu unatunga mwenyewe, hata kwa Kiswahili. Tangu niache shule sikuwahi kusoma kitu kutoka juu hadi chini nikakielewa chote. Niliona nimefika nyumbani.

Kikundi cha wakulima wa mboga wa kijiji cha misheni, huko juu mlimani, kilitafuta mtu wa kuwapangia zamu za maji ya mfereji, simu iwajulishe zamu ya nani. Ikifanya kazi, ningeajiriwa na kupewa chumba kando ya ghala. Nikaandika. Mwalimu akasema inasomeka kama hadithi. Kompyuta ikaiendesha bila kulalamika popote.

Kwetu shamba ni la baba. Niliwapanga watu chini ya majina ya baba zao, wala haikunijia kwamba kuna la kuuliza. Kumbe kule shamba ni la lukolo, ukoo wa mama. Mume hulima kwa wakwe, na mke akifa shamba hurudi kwa ndugu zake. Programu ikawapa maji wagane walioondoka zamani, ikawatenganisha watoto wa mama mmoja, na matuta mengine yakakosa zamu kabisa. Watu waliiamini simu, wakangoja. Kiangazi hakikungoja. Miche ya kabichi ikakauka.

Nikaitwa. Mwenyekiti, mama mtu mzima, aliniitikia salamu kisha akaniuliza taratibu:

"Mwanangu, hiyo kompyuta yako ilizaliwa na baba peke yake?"

"Haina mjomba," akadakia mzee mmoja. "Ndiyo maana haina adabu."

Wakacheka, hata wale waliopoteza miche. Nilirekebisha palepale, nimekaa juu ya gunia. Baba ikawa mama, mistari michache ikahama, ikaisha kabla chai haijapoa. Uzuri wa lugha ile ndio ulionimaliza. Ingekuwa ngumu ningejificha nyuma ya ugumu wake. Hii ilikuwa wazi kama maji ya mfereji, na wazi kabisa ilionyesha mgeni asiyewajua watu aliowapangia maji.

"Sasa iko sawa," mwenyekiti akasema baada ya kuitazama. "Lakini simu hatutaingoja tena."

Wakamchagua mtu wa kugonga debe mferejini zamu inapobadilika, kama walivyofanya kabla yangu. Chumba cha kando ya ghala wakakijaza mbolea.

"Kaka, lugha haina kosa," mwalimu aliniambia. "Andika nyingine."

Nilijaribu. Kila nikifungua ukurasa mtupu niliona udongo uliopasuka, nikaufunga.

Siku ya kuondoka nilipanda kumuaga mwenyekiti. Nilimkuta na binti zake wakipanda miche mipya.

"Ungeoa huku," akasema bila kuinuka, "wakwe wangekufundisha."

Jembe lilikuwa limelala kando ya mfereji. Nikalichukua ili nimfungulie maji.

"Acha, mwanangu. Zamu yetu bado."

Nikaliweka chini. Nikateremka hadi stendi ya Msamvu, nikapanda basi la Iringa. Sijarudi.