Dhapubai, muonja mizizi aliyekatazwa kuonja

Baridi ya asubuhi katika soko la mitishamba mjini Neemuch, India, inauma hadi kwenye fizi, lakini Dhapubai keshaketi juu ya gunia tupu, miguu kainyoosha mbele. Imevimba. Anavunja kipande cha mulethi, anakitazama ndani, anakinusa, kisha anakirudisha bila kukitia mdomoni.

"Umefunga leo, dada?" anamtania Gulab, mpepetaji ambaye mdomo wake haujui sikukuu.

"Funga wewe huo mdomo wako."

Kwa zaidi ya miaka ishirini, kazi ya mjane huyu imekuwa kutafuna. Mulethi ni mzizi mtamu. Husagwa ukapakwa usoni kufifisha madoa, au huchemshwa katika mafuta ya nywele. Walaghai huuchanganya na mizizi ya gunchi, ambayo kwa macho ni pacha wake. Ila gunchi huanza na ukakasi mchungu, utamu unakuja umechelewa, tena mdogo.

"Hakuna bi harusi hapa mjini ambaye uso wake haukupita kwanza mdomoni mwangu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Wapepetaji hulipwa rupia mia mbili na hamsini kwa siku. Yeye hupata mia nne. Hiyo nyongeza ni ya ulimi.

Wakati wa mvua zilizopita alianguka sokoni.

"Daktari aliniuliza nakula nini. Nikamwambia mikate ya mahindi na dengu, kama wenzangu. Na kazini? Nikamwambia, kazini natafuna mulethi kutwa. Akaweka kalamu chini."

Mulethi ikizidi mwilini hupandisha presha. Akaambiwa aache, la sivyo moyo utamwacha yeye.

"Si uwe unatema?" Gulab anadakia.

"Natema, mjinga wewe! Magunia yote haya, unadhani hakuna kinachoteremka?"

Basi akaamua kutumia macho na pua, kimyakimya, bila kumwambia tajiri wake, Parasmal. Mambo yakaenda, mpaka wiki iliyopita mteja mmoja wa unga wa uso aliporudisha gunia.

Parasmal alilibwaga mbele ya watu. "Dhapubai, tafuna!"

Akatafuna. Gunchi.

"Ulimi wako umekufa?"

"Ulimi mzima, tajiri. Ninayekufa ni mimi."

Parasmal alijikuna shingo. Si mtu mbaya, ila gunia limemtia hasara. Akampa mpaka mwisho wa mwezi: aonje kama zamani, au ashike ungo na ujira wa ungo.

Dhapubai ameshachagua ungo. Kodi ya chumba haijui hilo bado.

Binti yake, Sugna, anajifunza ushonaji. Aliposikia, alitaka kurithi kazi ya mama yake, nyongeza isipotee. Juzi jioni alifumba macho, akaomba ajaribiwe. Mama akampa vipande, kimoja kimoja.

"Alipatia vyote," anasema Dhapubai. Anatazama huku na huku kwanza, kisha anashusha sauti. "Hata mimi wakati naanza sikuwa hivyo. Ana ulimi, yule mtoto!"

"Ulimwambiaje?" ninamuuliza.

"Nilimwambia amekosa karibu vyote. Arudi kwenye cherehani yake."

Anafuta vumbi la mizizi viganjani.

"Alilia. Natumaini ameniamini."